Kwa Nini Wiki Moja ya Machipuko Nchini Uingereza Huweza Kubeba Jua, Mvua ya Mawe na Theluji

Siku ya Jumanne, tarehe 30 Machi 2021, kipimajoto cha bustani ya Kew, magharibi mwa London, kilisoma nyuzi joto 24.5, na hiyo ikawa siku ya Machi yenye joto zaidi nchini Uingereza tangu mwaka 1968. Viwanja vya wazi vilijaa watu waliovaa mashati mepesi. Jumatatu iliyofuata, ambayo ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, hewa iliyotoka Bahari ya Aktiki ilikuwa imeshaifunika nchi, theluji ikawa inaanguka Scotland na kaskazini mwa England, na chembe zake zikaonekana hata kusini. Tarehe 12 Aprili baadhi ya wakazi wa London na vitongoji vyake waliamka wakakuta theluji juu ya mapaa na magari. Kwa wastani wa nchi nzima, Aprili hiyo ilikuwa na siku 13 ambazo joto la hewa lilishuka chini ya sifuri, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na Aprili nyingine yoyote katika kumbukumbu zilizoanza mwaka 1960.

Mtu aliyekulia Tanga, Mombasa au Bujumbura, akisikia utabiri unaosema kwamba wiki ijayo hali ya hewa itakuwa ya kubadilikabadilika, huenda akadhani kuwa mtabiri ameshindwa kazi yake na anatafuta pa kujificha. Dhana hiyo inaeleweka, lakini si sahihi. Katika nchi za latitudo za kati, hasa zile zinazopakana na bahari kubwa kama Uingereza, kubadilika ndiyo tabia yenyewe ya mwezi wa Machi na Aprili. Mabadiliko hayo yana chanzo kinachofahamika na yana mipaka, na mtu wa kawaida anaweza kuyafuatilia kwa kiasi kikubwa akijua mambo mawili: upepo wa siku hiyo unatoka wapi, na kwa nini utabiri wa siku ya saba haupaswi kusomwa kwa namna ile ile unavyosomwa utabiri wa kesho.

Jua limetangulia, bahari bado

Chanzo cha yote ni kwamba jua na bahari haviendi kwa hatua moja. Mjini London, ulio kwenye latitudo ya digrii 51.5 kaskazini, jua la adhuhuri hupanda digrii 15 tu juu ya upeo wa macho katika siku fupi kuliko zote, mwezi wa Desemba. Kufikia tarehe 20 Machi, wakati usiku na mchana hukaribia kulingana duniani kote, jua hilo hupanda zaidi ya digrii 38, na kila siku inayopita huongeza takriban dakika 4 za mwanga. Dar es Salaam tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki saa moja kwa mwaka mzima. Mkazi wa London huongezewa saa nzima ya mwanga katika muda wa wiki mbili hivi. Ni badiliko kubwa na la haraka, na ardhi hulipokea mara moja.

Bahari hailipokei hivyo. Jua la tarehe 20 Machi lina nguvu ile ile ya jua la mwishoni mwa Septemba, lakini mwishoni mwa Septemba watu bado wanaogelea kwenye fukwe za kusini mwa England, ilhali mwezi wa Machi hakuna anayethubutu isipokuwa wachache waliojizoeza. Maji huhitaji joto jingi mno kabla ya kupanda nyuzi moja, na huliachia joto hilo polepole, ndiyo maana bahari zinazoizunguka Uingereza hufikia ubaridi wake mkubwa zaidi mwishoni mwa Februari na mwezi wa Machi, miezi 2 au 3 baada ya siku fupi kuliko zote. Katika Bahari ya Kaskazini maji ya Machi huwa karibu nyuzi 6, na hata upande wa kusini-magharibi, unaopokea maji vuguvugu ya Atlantiki, huwa karibu nyuzi 9. Mbele zaidi kuelekea ncha ya dunia, barafu inayoelea juu ya Bahari ya Aktiki hufikia upana wake mkubwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka katika mwezi huo huo wa Machi. Wakati huo huo Hispania, Moroko na Sahara zimeshaanza kupata joto la kweli, kwa kuwa ardhi kavu haichelewi kupata joto. Uingereza imo katikati ya pande hizo mbili, na hewa ya upande wowote huweza kuifikia ndani ya siku moja au mbili.

Kinachoamua ni upande upi utakaoifikia ni upepo wa juu sana. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, ambako ndege kubwa za abiria hupita, tofauti ya joto kati ya kusini na kaskazini huzaa mkondo mwembamba wa upepo mkali unaozunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki, mara nyingi kwa kasi inayozidi kilomita 160 kwa saa na wakati mwingine zaidi ya kilomita 300. Katikati ya majira ya baridi tofauti hiyo huwa kubwa, na mkondo huwa na nguvu. Huzivuta dhoruba za Atlantiki moja baada ya nyingine, na hali ya hewa, ingawa ni mbaya, huwa mbaya kwa namna inayojulikana. Machipuko yanapokaribia, maeneo ya kaskazini huanza kupata jua, tofauti hupungua, na mkondo hulegea na kuanza kujipinda kama mto uliotoka milimani ukafika kwenye uwanda. Mahali ulipojipinda kuelekea kaskazini, hewa ya joto hupanda nao kutoka Hispania na Afrika Kaskazini. Mahali ulipojipinda kuelekea kusini, hewa ya Aktiki hushuka.

Hicho ndicho kilichotokea mwaka 2021. Mwishoni mwa Machi eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa lilikuwa juu ya bara la Ulaya, na kwa kuwa katika nusu ya kaskazini ya dunia hewa huzunguka mgandamizo mkubwa kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, Uingereza ikapata upepo wa kusini. Siku chache baadaye mgandamizo mkubwa ulikuwa upande wa magharibi, juu ya Atlantiki, na mgandamizo mdogo ukawa upande wa Skandinavia, na mpangilio huo ukafungua njia ya upepo kutoka ncha ya kaskazini moja kwa moja. Jua lilikuwa lile lile, na kwa hesabu ya mwanga lilikuwa limeongeza nguvu kidogo. Hewa tu ndiyo iliyobadilishwa.

Kwa sababu hiyo pia, theluji ya Machi si ajabu kama wageni wengi wanavyodhani. Kwa wastani wa miaka mingi, Uingereza hupata siku 4.2 za theluji au mvua yenye theluji mwezi wa Machi, dhidi ya siku 3.9 mwezi wa Desemba. Picha za kadi za Krismasi zimewafanya watu watarajie theluji katika mwezi ambao bahari bado ina joto la majira yaliyopita, na kuisahau katika mwezi ambao bahari imepoa kabisa.

Upepo unatoka wapi

Wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa kwamba upepo ndio unaoleta majira. Kaskazi huvuma tangu mwisho wa mwaka hadi Machi, kusi hushika kuanzia Aprili na kuendelea, na kati yake huja maleleji, wakati upepo unapolegea na kuyumba, na mvua za masika zinapoanza. Elimu hiyo inafaa vizuri hata Uingereza, ila kwa tofauti moja kubwa. Pwani upepo hukaa miezi, na joto halibadiliki sana hata upepo unapogeuka. Uingereza ya mwanzo wa machipuko mwelekeo wa upepo huweza kubadilika mara tatu katika wiki moja, na kila mwelekeo huja na joto lake, mawingu yake na mvua yake.

Upepo wa kusini-magharibi, ambao ndio wa kawaida zaidi, hupita juu ya sehemu kubwa ya Atlantiki na kuleta hewa yenye unyevu, mawingu mazito, manyunyu na joto la nyuzi 10 hadi 14, bila tofauti kubwa kati ya mchana na usiku. Upepo wa kusini huleta siku kama ile ya Kew.

Upepo wa kaskazini-magharibi ndio unaowachanganya watu wengi, na unastahili kutazamwa kwa karibu, saa kwa saa. Saa moja asubuhi anga huwa safi kabisa, majani yana umande ulioganda, na mtu akitazama dirishani huamini kwamba siku yote itakuwa ya jua. Kufikia saa nne jua limeshaipasha ardhi joto, nayo ardhi inaipasha hewa iliyo juu yake. Hewa hiyo hupanda, kwa sababu ile iliyo juu ni ya baridi kali mno: kwenye kimo cha kilomita 5 joto la hewa ya namna hii huweza kuwa nyuzi 30 chini ya sifuri au hata zaidi ya hapo. Vipande vidogo vya mawingu meupe huanza kuonekana, na kufikia saa saba mchana baadhi yake vimekua vikawa minara yenye vitako vyeusi. Ndani ya minara hiyo matone ya maji hurushwa juu na kuganda, na yanapoanguka hufika chini yakiwa mvua ya mawe madogo meupe yanayoruka juu ya barabara. Joto huweza kushuka kutoka nyuzi 10 hadi nyuzi 4 katika dakika chache, kwa kuwa mvua hiyo huteremka pamoja na hewa baridi ya juu. Baada ya dakika 20 wingu limepita, jua linawaka, barabara inatoa mvuke, na nyumba ya kilomita 3 kutoka hapo haikupata hata tone. Jioni jua linapodhoofika, ardhi huacha kuipasha hewa joto, mawingu hukosa kinachoyalisha na kusambaratika, na usiku huwa wa nyota.

Siku kama hiyo haikuwa na dhoruba yoyote iliyotoka mbali. Mvua yake ilitengenezwa papo hapo, na mchanganyiko wake ni jua lenye nguvu za Septemba juu ya ardhi, na hewa ya majira ya baridi juu angani. Ndiyo maana vipindi hivyo vya mvua na jua ni tabia ya machipuko hasa. Katikati ya Januari hewa ya juu huwa baridi vivyo hivyo, lakini jua halina nguvu ya kuianzisha kazi hiyo juu ya nchi kavu.

Upepo wa mashariki nao una sura mbili. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, wakati Urusi na Siberia bado zimefunikwa na theluji, huleta baridi inayochoma. Kuanzia Aprili bara limeshapata joto, lakini hewa hiyo hulazimika kuvuka Bahari ya Kaskazini yenye maji ya nyuzi 6 au 7, hupozwa kutoka chini, na unyevu wake hugeuka ukungu mzito unaolala juu ya pwani ya mashariki. Edinburgh huweza kukaa kutwa nzima chini ya ukungu huo watu wakiwa wamevaa makoti, wakati Glasgow, kiasi cha kilomita 70 upande wa magharibi, watu wamekaa juani. Mtabiri akisema kwamba Scotland itakuwa na joto, amesema kweli kwa mji mmoja na kumkosea mkazi wa mji wa pili. Na hili ni jambo ambalo hakuna picha ndogo ya jua au wingu kwenye simu inayoweza kulieleza.

Usiku unaoua maua

Hatari kubwa ya wiki za namna hii, kwa maoni yangu, haimo katika theluji, ambayo kila mtu huiona na kuizungumzia. Imo katika usiku ulio shwari baada ya siku nzuri. Anga likiwa safi na upepo ukitulia, ardhi hupoteza joto lake kuelekea juu bila kizuizi, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutiririka na kujikusanya mabondeni. Wakulima wa chai wa Kericho na Limuru, na wakulima wa viazi wa Njombe na Makete, wanaifahamu jalidi ya namna hii, yaani baridi inayogandisha umande na mimea, na hasara inayoambatana nayo.

Hapa pana jambo ambalo huwapotosha wengi wanaosoma utabiri. Kipimajoto rasmi nchini Uingereza huwekwa kwenye kimo cha mita 1.25 kutoka ardhini, ndani ya kisanduku kinachokikinga na jua. Utabiri unaosema kwamba usiku joto litashuka hadi nyuzi 2 unazungumzia kimo hicho. Kwenye majani, katika usiku huo huo, joto huweza kuwa nyuzi 3 chini ya sifuri, na kioo cha gari huweza kufunikwa na barafu inayohitaji kukwanguliwa. Anayepanda mboga anapaswa kuanza kuwa na wasiwasi tangu utabiri unaposoma nyuzi 4 pamoja na anga safi na upepo mdogo, bila kungoja mpaka usome sifuri.

Kwa ua la tufaha lililofunguka kikamilifu, tofauti ndogo sana huwa na maana kubwa. Likikaa nusu saa katika nyuzi 2.2 chini ya sifuri, takriban ua moja katika kila kumi hufa. Zikifika nyuzi 3.9 chini ya sifuri, hufa tisa katika kila kumi. Chipukizi ambalo bado limejifunga huvumilia baridi kali kuliko hiyo. Kwa hiyo joto la mapema ndilo linaloandaa msiba, kwa kuwa huyaita maua yatoke kabla usiku wa baridi haujaisha.

Ufaransa ililiona jambo hilo katika wiki ile ile tuliyoanza nayo. Mwishoni mwa Machi 2021 sehemu nyingi za nchi zilipita nyuzi 25, na mizabibu ikachipua. Kati ya tarehe 5 na 8 Aprili hewa ya Aktiki iliyokwisha kupita Uingereza ilifika huko, na wenye mashamba ya mizabibu wa Chablis na kwingineko walikesha wakiwasha maelfu ya makopo ya nta katikati ya mistari ya mizabibu, ili kuipandisha hewa nyuzi mbili tatu. Wengine walinyunyiza maji juu ya mimea usiku kucha, njia inayoonekana kama kuongeza baridi lakini ina mantiki yake, kwa sababu maji yanapoganda huachia joto, na chipukizi lililomo ndani ya ganda la barafu inayoendelea kuganda hubaki karibu na sifuri badala ya kushuka zaidi. Pamoja na juhudi hizo, mavuno ya zabibu za mvinyo mwaka huo yalikuwa miongoni mwa madogo kabisa Ufaransa kwa miongo mingi. Watafiti wa kundi la World Weather Attribution walichunguza tukio hilo wakahitimisha kwamba ongezeko la joto duniani limeongeza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa jalidi kuikuta mimea ikiwa imeshachipua. Usiku wenyewe wa baridi umepungua makali kuliko zamani, lakini machipukizi yametangulia kwa haraka zaidi, na pengo hilo ndilo lenye madhara.

Kuisoma wiki iliyo mbele

Idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1854 chini ya Robert FitzRoy, afisa wa jeshi la majini, na utabiri wake wa kwanza kwa umma ulichapishwa katika gazeti la The Times tarehe 1 Agosti 1861. Kwa hesabu za idara hiyo, utabiri wa siku nne mbele hivi leo una usahihi sawa na ule wa siku moja mbele wa miaka 30 iliyopita. Hayo ni maendeleo makubwa, na ni haki kuyataja kabla ya kueleza mipaka yake.

Mipaka hiyo ilidhihirika mwaka 1961, pale Edward Lorenz wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani alipotaka kurudia hesabu ya kompyuta aliyokwisha kuifanya. Badala ya kuingiza namba 0.506127 aliingiza 0.506, akidhani kwamba tofauti ndogo kiasi hicho haina maana. Mwanzoni majibu yalifanana, kisha yakaanza kuachana, na baada ya muda hali ya hewa ya hesabu ya pili haikuhusiana tena na ile ya kwanza. Aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1963. Hewa halisi iko hivyo hivyo: hakuna anayeweza kupima joto na upepo wa kila mahali bila kosa dogo, na kosa hilo hukua kila siku. Na hukua haraka zaidi pale mkondo wa juu unapojipinda, yaani katika machipuko hasa, kwa kuwa kosa la kilomita 200 juu ya mahali pinda litakapokaa ndilo linaloamua kama London itakuwa na nyuzi 16 au nyuzi 6.

Kwa ajili hiyo Kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati, chenye makao yake Reading, magharibi mwa London, hakifanyi hesabu moja. Tangu mwaka 1992 hufanya kundi la hesabu, na kwa sasa kundi hilo lina hesabu 51, kila moja ikianza na hali iliyotofautishwa kidogo na nyenzake. Hesabu zote zikikubaliana, mtabiri huzungumza kwa uhakika. Zikitawanyika, hupaswa kusema kwamba zimetawanyika. Sasa tuseme kwamba kwa Alhamisi ya wiki ijayo hesabu 30 zinaleta upepo wa kusini-magharibi na nyuzi 12, hesabu 15 zinaleta upepo wa kaskazini na nyuzi 5, na 6 zilizobaki zinaleta nyuzi 8. Programu ya simu inayoonyesha namba moja tu kwa kuchukua wastani itaandika nyuzi 9 au 10, joto ambalo hakuna hesabu hata moja iliyolitabiri. Msomaji ataona namba tulivu ya katikati, huku siku yenyewe ikiwa na kila dalili ya kuangukia upande mmoja au wa pili. Katika wiki yenye mabadiliko, namba ya katikati ndiyo inayopaswa kutiliwa shaka kuliko zote, na ni afadhali kutafuta utabiri unaoonyesha kiwango cha chini na cha juu kwa kila siku.

Asilimia za mvua nazo husomwa visivyo. Asilimia 40 saa nane mchana haina maana kwamba mvua itanyesha asilimia 40 ya mchana, wala kwamba itafunika asilimia 40 ya mji. Maana yake ni kwamba hali kama hiyo ikijitokeza mara 100, mahali hapo patapata mvua mara 40 na patakosa mara 60. Katika siku za upepo wa kaskazini-magharibi nilizozieleza, asilimia 40 ndilo jibu la kweli kabisa, kwa sababu wingu lipo, litanyesha, na hakuna anayeweza kusema asubuhi litapita juu ya mtaa upi. Likishaanza kunyesha, rada huliona, na kwa saa moja au mbili zinazofuata picha ya rada inafaa kuliko utabiri mwingine wowote.

Lakini si kweli kwamba muda mrefu zaidi humaanisha giza tupu. Tarehe 12 Februari 2018 hewa ya stratosfia, yaani tabaka la hewa lililo juu ya lile lenye mawingu na mvua, iliyo juu ya Aktiki, kilomita 30 hivi kutoka ardhini, ilipanda joto kwa makumi ya nyuzi katika siku chache, na duara la upepo wa baridi linaloizunguka ncha ya kaskazini likavunjika. Misukosuko ya namna hiyo hushuka polepole kwa wiki kadhaa, na mara nyingi huugeuza upepo wa Ulaya utoke mashariki. Watabiri walionya mapema, na mwishoni mwa mwezi hewa ya Siberia ikafika. Tarehe 28 Februari tahadhari nyekundu ya theluji ilitolewa Scotland, na kesho yake kusini-magharibi mwa England na kusini mwa Wales. Baridi ilijulikana zaidi ya wiki moja kabla. Mahali theluji nzito itakapoanguka palijulikana siku moja au mbili kabla. Huo ndio uwiano wa kawaida: aina ya hewa hutabirika mapema, na matokeo yake mtaani hutabirika kwa kuchelewa.

Hata bahari ya kwetu inahusika. Kila baada ya siku 30 hadi 60 hivi, kundi kubwa la mawingu ya mvua hutokea juu ya Bahari ya Hindi na kusafiri polepole kuelekea mashariki hadi Pasifiki. Roland Madden na Paul Julian walilieleza mwaka 1971, na tangu hapo mzunguko huo hubeba majina yao. Likiwa upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, huweza kuongeza mvua za Afrika Mashariki, ndiyo maana watabiri wa Nairobi na Dar es Salaam hulifuatilia wakati wa masika. Joto linaloachiwa na mawingu hayo husukuma mawimbi angani hadi Atlantiki ya Kaskazini, na siku kumi hivi baada ya hapo mkondo wa upepo unaoelekea Uingereza huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kunyooka au kujipinda, kutegemea mawingu yamefika wapi. Mtabiri wa Ulaya anayetaka kuona mbele ya siku ya saba huanza kwa kutazama Bahari ya Hindi.

Kwa mtu anayepanga wiki yake, yote haya hugeuka kuwa mazoea machache. Siku mbili za kwanza zinaweza kupangwa kwa saa. Siku ya tatu hadi ya tano zinafaa kupangwa kwa mwelekeo wa upepo, kama utatoka Atlantiki, Aktiki au bara. Siku ya sita na ya saba zinafaa kuangaliwa tena kila asubuhi, na shughuli isiyoweza kuahirishwa ipangiwe njia mbili. Bustani ndiyo isiyotaka haraka. Sukuma wiki huvumilia jalidi, hivyo miche yake iliyozoeshwa hewa ya nje huweza kuhamishiwa kitaluni kuanzia mwishoni mwa Machi. Mchicha, maboga na maharage hufa kwa usiku mmoja wa kuganda. Kusini mwa England wakulima wa bustani huvizuia ndani hadi karibu na mwisho wa Mei, na Scotland hungoja hadi Juni, hata kama Aprili imewapa wiki nzima ya nyuzi 20.